Jina Michele: mjukuu wa Malindi, babu wa Puglia na malaika Mikaili

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Malindi na nina mimba ya miezi saba. Mume wangu ni Mtaliano, kwao ni Puglia, kusini mwa Italia, karibu na mji wa Foggia. Tumeambiwa mtoto ni wa kiume, na kwa desturi yao mjukuu wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Marehemu baba mkwe wangu aliitwa Michele. Nilipomwonyesha mama jina hilo kwenye simu alicheka mpaka machozi yakamtoka: "Mtoto aitwe michele? Ya pishori au ya basmati?" Shoga yangu anasema ni jina la kike, kama la mke wa Obama. Baba, ambaye ni mtu wa msikitini, anauliza kama ni jina la Kizungu tu lisilo na maana. Mume wangu anasema ni jina la zamani sana, asili yake ni ya Kiyahudi. Nipe ukweli wake, kisha uniambie tuliandikeje.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mungu akujaalie ujifungue salama.

Nianze na kicheko cha mama, kwa sababu hicho ndicho kitakachomfuata mtoto dukani na darasani. Mama amesoma sawasawa. Kwa macho ya Kiswahili, m-i-c-h-e-l-e ni wingi wa mchele, hakuna namna nyingine ya kuisoma. Tatizo ni kwamba Kitaliano kinazitumia herufi c na h kinyume kabisa na sisi. Mtaliano akitaka sauti yetu ya ch mbele ya e au i, huandika c peke yake. Ndiyo maana ile "ciao" ambayo vijana wa ufukweni hapo Malindi huitamka kutwa, sisi tunaisikia "chao". Akitaka sauti ya k mbele ya e au i, huipachika h hapo katikati ili c isilainike. Ingia mkahawa wowote wa Kitaliano mjini kwenu, shika orodha ya vyakula, mwombe mhudumu mzoefu akusomee "bruschetta". Atakuambia brusketa. Mwonyeshe "gnocchi", atasema nyoki. Hakusoma shule ya lugha, amejifunza kwa masikio, lakini kanuni anayoifuata ndiyo hiyo hiyo inayoliongoza jina la baba mkwe wako. Michele husomwa Mikele.

Mkazo unakaa kwenye ke, silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale Kiswahili kinapoweka mkazo wake. Kwa hiyo mama akishaambiwa kwamba hapo pana k, atalitamka jina la mjukuu wake vizuri kuliko Mwingereza au Mfaransa yeyote. Mwite karibu, mtamkie mara mbili tatu, naye alirudie. Herufi mwonyeshe baadaye.

Sasa asili yake. Mume wako hajakosea. Shina la jina hili ni la Kiebrania, Mikhael, na limeunganishwa kwa vipande vitatu: mi, yaani "nani", kha, yaani "kama", na El, yaani Mungu. Ukiviweka pamoja unapata "Nani aliye kama Mungu?"

Hapo naomba utulie kidogo, kwa sababu watu wengi hulitafsiri jina hili vibaya. Utasikia wakisema maana yake ni "aliye kama Mungu". Sivyo. Hakuna mzazi wa Kiebrania ambaye angethubutu kumwita mwanawe hivyo. Ni swali, na ni swali lile ambalo anayeuliza na anayeulizwa wote wanajua jibu lake: hakuna. Majina mengi yenye Mungu ndani yake hutoa taarifa. Abdalla ni mja wa Mungu, basi. Hakizimana wa Burundi na Rwanda anasema anayeponya ni Mungu. Jina hili lenyewe halitoi taarifa, linauliza, na kila mtoto anapoitwa swali linaulizwa upya. Katika Biblia ya Kiswahili utalikuta swali hilo hilo kwenye wimbo walioimba Musa na Waisraeli baada ya kuvuka bahari, Kutoka 15:11: "Ee Bwana, katika miungu ni nani aliye kama wewe?" Nabii Mika naye amebeba swali lile lile kwenye jina lake, ila kwake limefupishwa, na kitabu chake kinakaribia kufungwa kwa kuuliza ni nani aliye Mungu kama yeye, mwenye kusamehe uovu.

Mwambie baba alisikilize jina hili kwa sikio la madrasa. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu wa tumbo moja, na kwenye vipande hivi undugu unaonekana wazi. Hiyo kha ya "kama" ndiyo ka ya Kiarabu, anayoisoma baba kwenye Suratu Shura, aya ya 11: laysa kamithlihi shay'un, hakuna chochote kilicho mfano wake. El ni jamaa wa ilah. Na ukiitazama vizuri aya hiyo, utaona ni jibu la swali lililomo ndani ya jina. Jina linauliza nani aliye kama Mungu, aya inajibu kwamba hakuna kitu kilicho mfano wake. Sidai kwamba aya ilishuka kwa ajili ya jina. Nasema tu kwamba mtu anayeijua aya hiyo kwa moyo hawezi kusema jina hili halina maana.

Wa kwanza kutajwa nalo kwenye Biblia si malaika, ni mtu wa kawaida tu. Hesabu 13:13, Musa anapowatuma wapelelezi kuitazama nchi ya Kanaani, wa kabila la Asheri anaitwa Sethuri mwana wa Mikaeli. Hatusimuliwi chochote zaidi juu ya baba huyo. Lilikuwa jina la watu kijijini, kama Juma au Hamisi, kabla halijapanda mbinguni. Malaika anakuja baadaye, katika kitabu cha Danieli, sura ya 10 na ya 12, akiwa mkuu anayewasimamia watu wake. Wazee wa Kiyahudi wenyewe waliacha neno katika Talmudi ya Yerusalemu, kitabu cha mafundisho ya marabi wao, kwamba majina ya malaika walirudi nayo kutoka uhamishoni Babeli. Agano Jipya linamtaja katika Waraka wa Yuda, akishindana na Ibilisi juu ya mwili wa Musa, na tena katika Ufunuo 12, akiongoza jeshi la malaika dhidi ya joka. Picha ile ya kijana mwenye mabawa aliyemkanyaga joka na upanga mkononi, utakayoiona kila kanisa la kwao mume wako, imetoka hapo. Mara nyingi kwenye ngao yake utakuta maneno matatu ya Kilatini, Quis ut Deus. Ni tafsiri ya jina lake, neno kwa neno: nani kama Mungu.

Baba asiyemjua Michele anamjua Mikaili. Ni malaika yule yule. Qurani inamtaja pamoja na Jibrili katika Suratul Baqara, aya ya 98, na katika kisomo cha Hafs kinachosomwa pwani yetu jina linatamkwa Mikala. Tangu utotoni tumefundishwa kazi za malaika wakubwa: Jibrili kwa wahyi, Israfili kwa parapanda, na Mikaili ndiye aliyekabidhiwa mvua na riziki. Mama aliyecheka kwa ajili ya mchele, mwambie na hilo. Mpunga hauoti bila mvua, na jina alilolisoma kama chakula ni la malaika wa mvua.

Kuhusu kumpa mtoto jina la malaika, wanazuoni walilizungumza zamani. Imam Malik amepokewa kuwa hakulipenda jambo hilo. Lakini Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa pwani nzima kwa kuwa sisi huku ni Mashafi, ameeleza kwamba msimamo wa madhehebu yake na wa wanazuoni walio wengi ni kuwa inafaa. Mimi ni mtu wa lugha na majina, kwa hiyo hukumu ya nyumba yenu mwulizeni sheikh wenu. Nilichotaka ujue ni kwamba swali la baba lina majibu, na ni majibu ya siku nyingi.

Tuifuate sasa safari ya jina kutoka Yerusalemu hadi Foggia, maana ndiyo inayoeleza ile h iliyowachanganya. Kiebrania kilikuwa na sauti ya kh, ile unayoisikia kwa watu wa pwani wakitamka Khamis au kheri kwa Kiarabu. Maandiko yalipotafsiriwa kwa Kigiriki, sauti hiyo iliandikwa kwa herufi ya Kigiriki iitwayo khi. Walatini hawakuwa na herufi ya namna hiyo, wakaiandika kwa c na h zikiwa pamoja, Michael. Wataliano wakarithi maandishi, sauti yenyewe ikawapotea wakabaki na k. Kwa hiyo herufi h iliyo katikati ya jina la mwanao, mbali na kazi yake ya leo ya kulinda k, inakumbusha kh ya Kiebrania iliyoondoka midomoni.

Mwisho wa jina nao una habari yake. Kitaliano kinafanana na Kiswahili katika jambo hili, hakipendi neno liishie na konsonanti. Sisi tulipoyapokea majina haya tuliyafungia kwa i: Mikaili, Jibrili, Danieli. Wao waliyafungia kwa e: Michele, Gabriele, Daniele. Ukishaliona hilo umepata ufunguo wa mlango mzima. Lile "ele" la mwisho ni El yule yule, limevaa irabu ya Kitaliano. Raffaele, Mungu ameponya, ndugu wa mbali wa Hakizimana. Emanuele, Mungu yu pamoja nasi. Daniele, Mungu ndiye mwamuzi wangu. Kwenye Michele ile a ya katikati ilidondoka njiani, ila ilibaki kwenye Micaela, moja ya sura zake za kike. Na msidhani majina ya aina hii yamefika kwenu na watalii wa juzi, au hata na wale Wataliano wa miaka ya 1960 waliokuja kurusha satelaiti Ngomeni. Aliyechora ramani ya Fort Jesus pale Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, alikuwa mtu wa Milano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati, na Giovanni ndiye Yohana, ndiye Yahya.

Kwa nini basi Michele, na kwa nini huko Puglia hasa? Hapa lazima tuende pole pole, kwa sababu mume wako anatoka karibu kabisa na kisima chenyewe.

Kaskazini mashariki mwa Foggia kuna rasi ya milima inayoingia baharini, iitwayo Gargano. Juu yake uko mji wa Monte Sant'Angelo, na chini ya mji huo liko pango. Masimulizi ya huko yanasema kulikuwa na tajiri mwenye mifugo, naye aliitwa Gargano kama mlima wenyewe. Fahali wake mmoja alipotea. Baada ya kumtafuta sana alimkuta amesimama, wengine husema amepiga magoti, kwenye mdomo wa pango. Kwa hasira akampiga mshale. Mshale ukageuka hewani ukamrudia mwenyewe. Watu wakaogopa, wakaenda kwa askofu wa Siponto, mji uliokuwa chini pwani. Askofu akaamuru wafunge siku tatu, na baadaye malaika Mikaeli akamtokea na kumwambia kwamba pango lile ni lake. Kwa mapokeo ya mahali hapo, hayo yalianza mwaka 490.

Amini simulizi au usiamini, yaliyofuata yako kwenye mawe. Walongobardi, watu wa asili ya Kijerumani walioingia Italia mwaka 568 na kuitawala sehemu kubwa ya nchi kwa karne mbili, walilifanya pango hilo kuwa patakatifu pao na Mikaeli kuwa mlinzi wao. Mfalme wao Cuniperto aliweka sura ya malaika huyo kwenye sarafu zake. Jeshi lililoshika dini juzi juzi tu lilimpenda malaika mwenye upanga, na hilo halishangazi. Kusini kwenyewe Wabizanti, yaani Warumi wa mashariki, ambao nao walikuwa na wafalme kadhaa walioitwa Mikaeli, waliendelea kuitawala Bari hadi mwaka 1071, kwa hiyo jina lilisukumwa kutoka pande zote mbili. Mwaka 1076 pango likapata milango ya shaba nyeusi iliyotengenezwa Konstantinopoli, na milango hiyo ipo hadi leo. UNESCO iliorodhesha mahali hapo mwaka 2011 pamoja na sehemu nyingine za Walongobardi.

Mkienda kumwonyesha bibi yake mjukuu, mwombe mume wako akupeleke. Unaingia juu, mtaani, kisha unashuka ngazi ndefu kuelekea tumboni mwa mlima. Ukishuka, tazama kuta. Utaona viganja vya mikono vimechongwa kwenye jiwe, vidole vikiwa wazi, vikubwa na vidogo, na nyayo pia. Ni mahujaji wa zamani, waliokuja kwa miguu, wengi wao hawakujua kuandika. Kila mmoja aliweka mkono wake ukutani, akauchora kwa ncha ya chuma, akaondoka. Ni namna yake ya kusema nilifika. Wengine waliojua kuandika waliacha majina yao kwa runi, herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Sasa fikiria vijiji vilivyozunguka mlima huo, ambavyo kwa miaka zaidi ya elfu moja vimekuwa vikipanda na kushuka ngazi hizo. Ndipo utaelewa kwa nini katika ukoo wa mume wako lazima awepo Michele.

Italia nyingine pia inalo. Roma kuna Castel Sant'Angelo, kaburi la mfalme Hadriani lililogeuzwa ngome, lililopata jina kwa masimulizi kwamba mwaka 590, tauni ilipokuwa ikiua watu, Papa Gregori alimwona Mikaeli juu yake akiurudisha upanga alani, na tauni ikakoma. Michelangelo aliyechonga Daudi na kuchora dari la kanisa la Sistina ni Michele na angelo, yaani malaika, vikiunganishwa kuwa jina moja, na husomwa Mikelanjelo. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Mikaeli kuwa msimamizi wa polisi wa Italia.

Shoga yako sasa. Alichokisema ni kweli huko kwingine, si Italia. Kitaliano hakina jinsia kwenye e ya mwisho: padre ni baba na madre ni mama, yote mawili yanaishia na e. Michele ni mwanamume. Binti ni Michela, Mikela. Wafaransa ndio wenye utaratibu wa kuongeza e ili kupata jina la kike: Michel ni mwanamume, Michèle au Michelle ni mwanamke, na hilo la l mbili ndilo lililokwenda Uingereza na Marekani hadi likafika kwa Bi Obama. Wamarekani walilegeza mambo zaidi, na huko utakutana na wanawake wanaoandika Michele kwa l moja. Kwa hiyo msimlaumu. Majina ya Kitaliano yenye shina la Kiebrania yanaumia sana kwa jambo hili: Simone wa Italia ni mwanamume, wa Ufaransa ni mwanamke, Gabriele wa Italia ni mwanamume, wa Ujerumani mara nyingi ni mwanamke.

Kama anataka mifano ya wanaume, mpe Michele Ferrero, mwenye kiwanda ambacho mwaka 1964 kilitoa Nutella mnayopaka mkate. Mpe Michele Placido, mwigizaji, mzaliwa wa Ascoli Satriano, wilaya ile ile ya Foggia. Baba atampenda zaidi Michele Amari, Msisilia wa karne ya 19 aliyejifunza Kiarabu ukubwani na kuandika historia ya Waislamu wa Sisili. Na yupo Michele Besso, rafiki wa Einstein, aliyetoka katika familia ya Kiyahudi. Kwake jina lilikuwa limerudi nyumbani, ila kwa vazi la Kitaliano.

Kosa la herufi moja nimeliona kwa macho yangu. Kwa miaka mingi nimetafsiri hati kati ya Kitaliano na Kiswahili, na niliwahi kuletewa cheti cha kuzaliwa cha kijana wa miaka kumi na minne. Karani aliyekiandika, kwa nia njema kabisa naamini, aliona Michele akadhani wazazi wamesahau l. Akawaongezea. Kisha, kwa kuwa Michelle ni jina la kike, kwenye jinsia akajaza Ke. Wazazi waliokichukua hawakukisoma. Miaka yote hiyo cheti kilikaa kabatini, mpaka siku alipohitaji hati ya kusafiria kwenda kumwona babu yake mgonjwa. Ilichukua miezi kukirekebisha. Babu hakumngoja. Mama yule aliponisimulia alikuwa akiikuna ile l ya pili kwa ukucha juu ya karatasi, kana kwamba ingetoka.

Kuhusu desturi ya babu, mume wako anakuambia kweli. Kusini mwa Italia mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na wa pili mara nyingi la babu mzaa mama. Hilo si geni Kenya. Wakikuyu wanafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana huko unakuta Michele mwana wa Matteo mwana wa Michele mwana wa Matteo, majina mawili yakipokezana ngazi hadi ngazi. Sheria nayo imeangukia upande wa desturi. Kanuni za usajili wa raia za Italia, amri ya rais namba 396 ya mwaka 2000, kifungu cha 34, zinakataza kumpa mtoto jina lile lile la baba aliye hai, au la ndugu yake aliye hai. La babu halikatazwi. Mngetaka kumwita jina la mume wako, mngekwama. La baba mkwe lina njia nyeupe.

Jiandae pia kwa tarehe 29 Septemba. Kila jina la mtakatifu lina siku yake, wanaiita onomastico, na kusini siku hiyo huheshimiwa karibu sawa na siku ya kuzaliwa. Bibi wa Foggia atapiga simu asubuhi na mapema. Atamwita "Mikè!", kwa sababu watu wa kusini wakimwita mtu hukata jina pale pale kwenye mkazo na kuiacha silabi ya mwisho. Usidhani amesahau jina la mjukuu.

Mwisho, mliandikeje. Kuna njia mbili halali, na nitakuambia ninayoipenda.

Njia ya kwanza ni Mikaili. Kanuni zile zile za Italia zinaruhusu mtoto raia wao kupewa jina la kigeni, na kwa majina hayo zinakubali hata herufi kama k ambazo Kitaliano hakinazo kwa asili. Maana ni ile ile, na baba yako atafurahi. Lakini bibi kule Puglia hataliona jina la marehemu mumewe, na kwake jina lililoandikwa lina uzito.

Njia ya pili ni Michele kama lilivyo, na hii ndiyo ningeichagua. Liwe hivyo hivyo kwenye cheti cha Kenya na kwenye usajili wa Italia, herufi kwa herufi. Msiandike Mikele ili kuwasaidia wasomaji wa huku, maana karatasi mbili za mtoto mmoja zikitofautiana, usumbufu wake mtaukuta kila ubalozi na kila uwanja wa ndege. Matamshi yanafundishika. Waeritrea wanaoandika Ghebremichael kwa gh na ch za Kitaliano tangu enzi za ukoloni wanalisoma jina lao bila kujikwaa, kwa kuwa wamelisikia kabla ya kuliona. Nyumbani wewe na mumeo mwiteni Mikele. Babu wa Malindi amwite Mikaili bila kumwomba mtu ruhusa, ni jina lile lile. Siku ya kwanza ya shule nenda mwenyewe, mtamkie mwalimu kabla hajafungua daftari la mahudhurio, kwa sababu darasa zima litaiga atakavyolisoma yeye asubuhi hiyo.

Na siku ya kuchukua cheti, usikikunje ukatia mkobani. Simama pale pale dirishani ukihesabu kwa kidole: M, i, c, h, e, l, e. Ni herufi saba. Ukihesabu nane, mrudishie karani kabla hujaondoka.